Mwaka Tuliobadilishana Fimbo

Agata alikuja kunipa pole nikiwa katikati ya eda. Alitoka Rondo na basi la alfajiri, na kabla hajavua viatu mlangoni alinitazama nilivyokaa mkekani, akasema, "Zuhura, mpaka leo? Na msiba huu mguu bado unacheza?" Nikautazama mguu wangu wa kulia. Kweli ulikuwa unacheza chini ya kanga, peke yake, kama wa mtu anayesubiri gari lililochelewa. Wanawake waliokuwamo chumbani walitazamana, maana mjane hataniwi hivyo, tena na mtu anayeingia na rozari shingoni. Lakini mimi nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu tumzike Hashimu, na kicheko kile hakikufika mbali, kikageuka kilio, Agata akaja kunikumbatia tukalia pamoja. Watu wanadhani eda ni huzuni. Huzuni ipo, lakini kinachonitesa mimi zaidi ni kukaa. Chai inaletwa, sahani inaondolewa, wageni wanaingia na kutoka, na mimi nipo palepale, mwili unadai kwenda mahali na hakuna mahali pa kwenda. Nimewahi kukaa ndani namna hii mara moja tu maishani, mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, na ni Agata huyuhuyu aliyenijua wakati ule.

Tuliishi kwenye nyumba za watumishi wa shamba la mkonge, nje ya Lindi ukielekea Mchinga. Hashimu alikuwa fundi mkuu wa karakana. Tulikuwa na vyumba viwili na ukumbi, sakafu ya saruji nyekundu, madirisha ya wavu, na ukuta mmoja uliotutenganisha na chumba cha mama yake, Bi Somoe, ambao haukufika juu kwenye mabati. Kila neno lilivuka. Na harufu nayo ilivuka, ile harufu chachu ya maji ya korona, mtambo wa kusaga majani ya mkonge na kutoa katani. Iliingia kwenye mashuka, kwenye nywele, kwenye mchuzi wa kisamvu nikiwa bado naukoroga. Nilikuwa nimepata nafasi chuo cha ualimu Mtwara. Siku ya posa Hashimu alisema mbele ya wajomba zangu kuwa nitasoma, na ni kwa neno hilo nilikubali. Harusi ikapita, muhula ukafunguliwa bila mimi, na neno likageuka kuwa "mwakani". Basi nikawa natembea. Asubuhi nikishamaliza kufagia na kuosha vyombo natoka ukumbini naingia chumbani, natoka chumbani naenda jikoni, narudi ukumbini. Siku moja nilimsikia Bi Somoe akimwambia jirani, wakichambua mbaazi upande wa pili wa ukuta, "Mkwe wangu ana miguu ya kuku aliyefungwa kamba. Atazunguka weee, mpaka kamba iishe." Jirani akacheka. Mimi nikasimama katikati ya sakafu, nikiona haya, na baada ya muda mfupi nikajikuta natembea tena.

Hashimu hakuwa mtu mbaya, na ninalisema hili si kwa sababu amekufa. Alikuwa mtu aliyeamini kuwa kila kitu kina dawa yake ukikishika vizuri. Aliporudi kazini akanikuta nazunguka, alisema, "Twende ukatembee nje kabla hujatoboa sakafu." Akanipeleka uwanja wa gofu. Ulikuwa uwanja mdogo, mashimo machache tu, mameneja wa zamani waliulima katikati ya mikonge ili wasife kwa upweke. Hapakuwa na majani laini kuzunguka mashimo. Palikuwa na mchanga uliochanganywa na oili chafu ya matrekta, oili aliyoitoa Hashimu mwenyewe karakana, ukashikana ukawa mweusi na mpira ukabiringika juu yake kama juu ya meza. Walicheza meneja, daktari wa zahanati, mabwana wachache waliokuja kutoka Lindi mjini, na Hashimu, aliyewashinda karibu wote. Mbele ya mama yake nilimwita Bwana. Pale uwanjani, nikiwa nimejifunga kanga kiunoni na kuvaa raba zake kuukuu, nilimwita Hashimu, na nadhani hata kwa hilo peke yake ningerudi kila siku.

Nilipiga mpira wa kwanza kama mtu anayeua nyoka. Ulikwenda. Ulipanda juu sana, halafu ukapinda kushoto, ukaangukia mkongeni. Wa pili ukaufuata wa kwanza, na wa tatu vilevile. Wiki nzima nilishinda mkongeni nikitafuta mipira, miiba ikinichoma mapaja. Fimbo niliyopewa ilikuwa ya mke wa meneja aliyekwisha kuondoka. Mpini wake haukuwa wa chuma. Ulikuwa mweusi, wa kaboni, mwepesi kama ufito, na ukiutikisa uliona kichwa kikichelewa kidogo halafu kikaja. Kila mtu aliiita ya kina mama. Agata, aliyekuwa muuguzi wa zahanati, naye alipoanza kuja uwanjani jioni akitoka zamu, alipewa hiyohiyo. Agata alikuwa mrefu, mtaratibu, mtu wa kuinua mikono kama anayeanika nguo, na mpira wake ulikwenda polepole na kunyooka, ukatua katikati ya uwanja kila mara. Hapo ndipo hukumu ilipopita. Fimbo moja, wanawake wawili, mmoja ananyoosha na mwingine anapinda. "Tatizo si fimbo," Hashimu akaniambia, kwa upole wake ulioniudhi kuliko ukali. "Tatizo ni haraka yako. Tuliza roho." Nikajitahidi kutuliza roho. Nilipiga polepole, kwa makusudi, meno yameumana, na nilipofika nusu ya pigo mikono ilinitoroka ikaenda yenyewe, maana fimbo ile haikuwa na uzito wa kuizuia. Mpira mkongeni. Hata leo nikiambiwa na mtoto wangu, "Mama, tulia," nasikia ule mlio wa mpira ukiingia kwenye majani makavu.

Kisha Hashimu akasafiri kwenda Tanga kufuata vipuri. Fimbo zake zilikaa nyuma ya mlango wa chumbani, na ile kubwa ya kupigia mbali ilikuwa na mpini wa chuma, mzito, mgumu, usiokubali kupinda hata ukiuegemea. Nilimwambia Agata nakwenda nayo. Akasema, "Mume wako atasemaje?" Nikamwambia atasema akirudi. Tulipofika nikaiinua, na uzito wake ukanivuta bega, nikajiona mjinga. Lakini nilipoanza kuipeleka nyuma, uzito uleule ukanilazimisha kungoja. Siwezi kulieleza vizuri zaidi ya hivyo: mikono yangu haikuweza kukimbia, kwa hiyo nilikwenda nayo pamoja, na nilipoishusha kwa nguvu zangu zote, zile nguvu walizoniambia nizifiche, kichwa cha fimbo hakikuchelewa wala kutangulia, kilifika nami. Mlio ulikuwa mwingine. Mpira ukaruka chini kidogo kuliko nilivyozoea, ukapita kichuguu, ukanyooka mpaka ukawa nukta. Agata akasema tu, "Ee Mama Maria." Nikapiga tena na tena mpaka jua likatufukuza, na jioni ile, nikipika, sikutembea. Nilikaa kwenye kigoda na kungoja sufuria ichemke kama mtu mwingine yeyote.

Hashimu aliporudi nilimwambia mwenyewe, sikumficha, na nikampigia aone. Alitazama mpira ukienda. "Bahati," akasema. "Piga mwingine." Nikapiga mwingine. Akaichukua fimbo mkononi mwangu, akaifuta kwa leso yake, akasema, "Itakuvunja mgongo. Hii si ya mwanamke." Nikamwuliza mbona mgongo hauniumi. Hapo akasema la kweli, na nilimheshimu kwa kulisema: "Halafu mimi nipige na nini?" Basi fimbo ikarudi nyuma ya mlango, na mimi nikarudi kwenye ule ufito mweusi na mkonge wangu. Muhula mwingine wa chuo ukawa unakaribia, hakuna aliyeutaja.

Ajali ilitokea karakana. Walikuwa wanainua injini ya trekta kwa mnyororo, Hashimu akiwa juu ya ngazi, ngazi ikateleza. Nilisikia watu wakikimbia kabla sijaambiwa ni nani. Nilimkuta zahanati amekaa, uso umekuwa kijivu, bega la kulia limechomoka mahali pake na Agata anafunga mkono kifuani kwa kitambaa kabla ya gari kumpeleka hospitalini Lindi. "Zuhura," akaniambia, "usimwambie Mama kwa kelele." Alirudi na bega likiwa mahali pake lakini mkono haukufaa kitu kwa muda mrefu. Hakuweza kufunga kifungo. Kula ndiko kulikomuumiza zaidi. Mkono wa kulia hauinuki, na wa kushoto hakuwa tayari kuupeleka mdomoni mbele ya mama yake, aliyemfundisha tangu akiwa mtoto kuwa mkono ule si wa kulia chakula. Kwa hiyo nilimlisha. Nilikata tonge la ugali, nikalichovya kwenye mchuzi wa pweza, nikalipeleka, naye akafumbua mdomo huku akitazama dirishani. Nilimpenda sana siku zile, na niliogopa sana, vyote kwa pamoja, maana niliona maisha yangu yote yakikaa kwenye mkeka ule. Alasiri moja nikiwa naosha sahani nikamsikia Bi Somoe akimwambia jirani yuleyule, bila ubaya wowote, kama anayetaja hali ya hewa: "Sasa chuo gani tena? Mungu amemkalisha." Sahani ikaniponyoka. Ilikuwa ya bati, haikuvunjika, ila ilipiga kelele ndefu mno kwenye saruji, na upande wa pili wakanyamaza.

Hashimu alipopata nafuu akarudi uwanjani, na hapo tukaona jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Bega halikumruhusu kuzungusha kama zamani. Pigo lake likawa fupi, la polepole, la mtu anayejihadhari na maumivu. Na ile fimbo yake ya chuma, iliyomtii kwa miaka, ikakataa. Mpira ulitoka chini, mfu, ukateleza kulia, ukaingia mkonge wa upande ule ambao mimi sikuwahi kuufikia. Kila jioni mpira ulikwenda kulia. Sasa ni yeye aliyerudi nyumbani akizunguka sakafuni, naye alikuwa mzito, viatu vyake vilisikika nyumba nzima. Nilitaka kumwambia "tuliza roho", na nilijizuia kwa shida.

Siku moja nilimpelekea chakula cha mchana karakana nikamkuta amezibana fimbo zote mbili kwenye jiliwa, ile ya chuma na ile nyeusi, vishikio vimebanwa na vichwa vinaning'inia hewani. Alikuwa akikivuta kichwa cha moja kwa kidole na kukiachia. "Njoo uone," akasema, kwa sauti aliyokuwa nayo zamani, kabla ya ngazi. Ile nyeusi ilipanda na kushuka taratibu, kama tawi ndege akishaondoka. Ya chuma ilitetemeka haraka haraka, karibu usiione. "Laini inachelewa kurudi," akasema. "Ukiipiga kwa kasi inapinda sana, halafu kichwa kinarushwa mbele kimejifunga, mpira unakwenda kushoto. Ngumu nayo inataka mtu wa kuipinda. Asipokuwa na kasi haipindi, kichwa kinafika kimebaki wazi, mpira unakwenda kulia, tena hauinuki." Nikaweka chakula juu ya benchi. "Kwa hiyo mimi nilikuwa napinda kushoto kwa sababu ya kasi." "Ndiyo." "Si kwa sababu ya roho." Akakivuta tena kichwa cha ile nyeusi. Nikasema, "Na wewe sasa unakwenda kulia." Akaanza kufungua jiliwa kwa mkono wa kushoto. "Sitapiga ya kina mama, Zuhura. Usiniambie." Nikamwambia, "Mpini haujui nani mama." Akatoka nje, akaniacha na mafundi wake wawili wanaojifanya hawasikii, na wali ukapoa.

Kulikuwa na mchezo wa kirafiki, sisi wa shamba na mabwana wa kutoka mjini, watu wawili wawili. Mwenzake Hashimu alikuwa safarini, meneja akasema nicheze mimi. Shimo la kwanza Hashimu alipiga kulia. La pili kulia tena, na mpira ukapotea kabisa. Wageni walisema "pole, fundi" kwa ile sauti ya kumsemesha mgonjwa, nami niliona shingo yake ikikakamaa. Tulipofika shimo la tatu alisimama muda mrefu bila kuinama kuweka mpira. Kisha akanyoosha mkono kwangu bila kunitazama. "Nipe yako." Nikadhani sikusikia vizuri. "Ipi?" "Zuhura, usinifanye niseme mara mbili." Nikampa. Bwana Rajabu wa bandarini, mtu wa mizaha, akasema kwa sauti, "Fundi! Kanga je, umeileta?" Wakacheka, hata meneja. Hashimu aliweka mpira, akajinyoosha, akamwambia, "Bega langu halijui aibu, Bwana Rajabu. Linajua maumivu tu." Akapiga, taratibu, nusu ya pigo lake la zamani. Ule mpini mweusi ukapinda, ukamngoja, ukamfanyia kazi ambayo bega lilishindwa. Mpira ukapanda. Haukwenda mbali kama enzi zake, lakini ulikaa juu, ukanyooka, ukashuka katikati ya uwanja kwa upole. Alibaki na mikono hewani kama aliyesahau kuishusha. Halafu akanipa ile ya chuma, mbele yao wote. Nikapiga kwa haraka yangu yote, na wangu ukaupita wake. Hakuna aliyecheka tena, meneja akasema, "Tuendelee." Tulishindwa mchezo ule, na mimi ndiye niliyesababisha tushindwe, maana kule kwenye mchanga wa oili nilisukuma mpira kwa nguvu ukapita shimo kila mara. Lakini tulitembea kutoka shimo moja hadi jingine tukizungumza kama watu wawili waliokutana safarini na kugundua wanakwenda mji mmoja.

Baadaye tukala pilau chini ya mabati ya klabu. Hashimu alikuwa anakula kwa mkono wake mwenyewe, polepole, wa kulia. Sikupanga kulisema pale. "Muhula ukifunguliwa nakwenda Mtwara," nikasema. Akatafuna. "Na Mama?" "Mama ana wewe." "Na mimi?" "Wewe mkono umekwisha kurudi." Akaweka tonge chini. "Sijasema ndiyo, Zuhura." "Sijauliza, Hashimu." Nilishtuka kulisikia likitoka mdomoni mwangu. Hakunisemesha siku zilizofuata, ila salamu. Nilipanga sanduku, nikalipangua, nikalipanga tena. Nilitembea mpaka Bi Somoe akapiga ukuta kwa kiganja. Sikuwa na uhakika wowote. Nikienda bila ridhaa yake ningekwenda kama aliyetoroka, na nikikaa nilijua nitakuwa nani. Watoto wangu wanadhani wanawake wa wakati wetu hatukuwahi kufika kwenye njia panda ya namna ile, kwamba tulipelekwa tu. Tulifika. Wengi tulifika peke yetu, tukiwa na sanduku mkononi.

Alasiri ya siku ya mwisho, nikiwa nimekaa kitandani, nikawasikia ng'ambo ya ukuta. Bi Somoe alisema, "Unamwachia aende? Mwanamke wa mwaka mmoja?" Hashimu akasema, "Nilisema mbele ya wajomba zake." "Maneno ya posa hayo, mwanangu. Nani hushika maneno ya posa?" "Mimi, Mama. Mimi ndiye niliyeyasema." Nikasikia kikombe kikiwekwa chini. "Atakuacha." Na Hashimu, kwa ile sauti yake ya upole ambayo mwaka mzima ilikuwa ikiniudhi, akajibu, "Akibaki hapa akizunguka sakafuni ataniacha vilevile, Mama. Tena atakuwa yumo ndani." Nilijifunika uso kwa kanga. Sikutaka ukuta ule usikie chochote kutoka upande wangu.

Niliondoka kesho yake kwenye lori lililobeba marobota ya katani kwenda bandari ya Mtwara, nimekaa mbele na dereva. Bi Somoe hakutoka kuniaga. Nilimwendea chumbani, nikasema, "Shikamoo Mama, nakwenda," akasema, "Marahaba," na uso akaugeuzia ukutani. Hashimu alipandisha sanduku kwa mkono wa kushoto, akakataa kusaidiwa. Nikamwuliza, "Utakuja?" Akasema, "Nitakuja." "Kunirudisha?" "Kukuona," akasema, akaupiga mlango wa lori makofi mawili, na dereva akaondoa gari.

Mwezi ulikuwa haujaisha niliposikia chuoni kuwa nina mgeni. Nilishuka ngazi za bweni mbiombio, nikimwomba Mungu isiwe habari ya msiba. Alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, amejaa vumbi la lori mpaka kwenye kope, na mapajani amepakata kifurushi kilichofungwa kwa kanga niliyoifahamu, maana niliifua mwaka mzima ikiwa ya mama yake. Ndani yake kulikuwa na ming'oko, ile mizizi ya porini ya kwetu, iliyochemshwa, bado na joto kidogo katikati, na chumvi imefungwa pembeni kwenye karatasi. "Ameamka alfajiri kuchemsha mwenyewe," Hashimu akasema. "Kasema ming'oko ya watu wa Mtwara haiivi, wanakula kwa haraka tu." Akaangalia pembeni. "Kasema pia nikuulize unalala vizuri." Nilimenya mmoja nikaula palepale nimesimama, wanafunzi wenzangu wakipita na vitabu vyao, halafu nikamenya mwingine nikampa yeye, naye akaupokea.